Mvua ya njahi ikianza Nyeri: kazi ya kuosha magari ikipungua, ufanye nini?

Kila mwaka mvua ya njahi ikishika Nyeri, kuanzia Machi hivi hadi Mei, wateja wetu wanaoosha magari hutuuliza swali lile lile: mbona pesa zimepungua na magari barabarani ni yale yale? Pita Kamakwa, Ruring'u au Skuta asubuhi ya Aprili. Utaona vijana wamekaa chini ya mabati, mashine ya presha imezimwa, na Probox yenye matope hadi kwenye vioo inapita tu. Dereva akiitwa anajibu, "Leo wacha, kijana. Naenda nyumbani Tetu, nitarudi vile vile."

Na dereva huyo hajakosea. Kuosha gari nje leo halafu liingie kwenye udongo mwekundu jioni ni kutupa pesa. Shida ni kwamba wewe kodi ya kiwanja unalipa, umeme unalipa, na vijana wako wanakula kila siku. Wengi hufika Mei wakiwa na deni la simu na bila yule kijana mmoja aliyejua kung'arisha rangi. Hasara kubwa ni huyo kijana, maana deni utalipa Agosti lakini fundi akishaenda hurudi kwa nadra.

Mvua yenyewe haikuji kwa siri. Iko kwenye taarifa ya till yako.

Hesabu malipo kabla ya kuhesabu pesa

Fungua programu, ingia kwenye taarifa, chagua miezi 12 iliyopita. Usianze na jumla ya shilingi. Anza na idadi ya malipo, mwezi kwa mwezi, uiandike kwenye karatasi. Sababu ni hii: kazi moja ya kung'arisha gari zima inaweza kuingiza pesa za magari ishirini ya kuoshwa nje, na ikiangukia Aprili itakufanya udhani mwezi ulikuwa sawa. Idadi ya malipo haidanganyi hivyo.

Kwa biashara nyingi za Nyeri utaona mabonde matatu. La kwanza ni njahi, Machi hadi Mei. La pili ni baridi ya Juni na Julai, siku za ukungu na manyunyu ambapo jua unaweza kulikosa tangu Jumatatu hadi Ijumaa. La tatu ni mvua ya mwere, kuanzia Oktoba, ambayo ina shida ya ziada: ndio wakati kahawa inaiva, na vijana wanajua shambani kuna pesa ya kuchuma. Januari ni mwezi wa ajabu kidogo. Vumbi ni jingi na magari yanakuja, lakini karo ya shule imemaliza mifuko, kwa hivyo watu wanataka kuoshwa nje tu, ndani wanasema watafanya wenyewe.

Taarifa hii itakuwa na faida tu ikiwa malipo yote yanapita hapo. Kama nusu ya wateja wanalipa taslimu, au wanatuma kwa nambari ya kijana aliye zamu kwa sababu wewe hukuwepo, unachosoma ni nusu ya biashara. Bandika nambari ya till mahali mteja anaiona akiwa bado ameketi kwenye gari. Hatusemi vijana wako ni wezi. Tunasema wasiwekwe mahali pa kushukiwa.

Mfano wa hesabu

Tuseme mwezi mzuri unaosha magari 15 kwa siku, wastani wa shilingi 300 kila gari, siku 26. Hiyo ni shilingi 117,000. Vijana wanne wanagawana asilimia 40, yaani 46,800. Kodi, maji, umeme na mlinzi ni 29,000. Sabuni na vitambaa shilingi 20 kwa gari, jumla 7,800. Unabaki na 33,400. Si mbaya.

Aprili magari yanashuka hadi 7 kwa siku. Mapato ni 54,600. Vijana wanachukua 21,840, sabuni 3,640, na zile 29,000 ziko pale pale. Unabaki na shilingi 120.

Soma tena. Shilingi mia moja na ishirini, mwezi mzima. Na kila kijana, aliyekuwa akipata 11,700, sasa anapata 5,460. Usishangae akienda mjengo au akikodi boda boda. Hesabu ya nyumbani kwake imemfukuza, wala hakukosa uaminifu.

Sasa rudi kwenye miezi mizuri. Ukitenga shilingi 20 kwa kila gari mwezi wa magari 390, unaweka 7,800. Januari na Februari peke yake zinakupa 15,600. Ukiwaongezea vijana wanne shilingi 1,500 kila mmoja Aprili, na tena Mei, umetumia 12,000. Zinabaki 3,600 za kubadilisha mpira wa mashine ya presha na sili za pampu, kazi ambayo hungeifanya Agosti watu wakiwa kwenye foleni. Shilingi 20 ni bei ya kitambaa na sabuni. Zikikaa kwenye till hutaziona zikiisha, kwa hivyo zihamishe kila jioni kwenye akiba iliyofungwa hadi tarehe unayochagua mwenyewe. Chagua tarehe ya kwanza ya Aprili.

Kuhusu mikopo ya simu tutasema wazi ingawa sisi tuko kwenye biashara hii hii. Mkopo wa siku thelathini unafaa kununua kitu kitakacholeta pesa ndani ya siku thelathini. Kukopa Aprili ili ulipe kodi ya Aprili ni kuuza Mei kabla haijafika, na Mei yenyewe bado ni mvua.

Uza chini na ndani

Mvua inapunguza kazi ya nje, lakini inaleta kazi nyingine ambayo wengi hawaiuzi. Matope yanayoganda chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu hushika maji kwa siku nyingi, na hapo ndipo kutu huanza. Mwenye gari anayejibu "nitarudi vile vile" hana jibu ukimwambia utamwoshea chini tu, haraka, bila kugusa bodi. Bei iwe ndogo kuliko ya kuosha nje, kwa sababu muda ni mfupi.

Ndani kuna pesa zaidi. Viatu vyenye matope vinalowesha kapeti, madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya baridi, na baada ya wiki mbili gari linanuka unyevu. Vioo vinajaa mvuke kila asubuhi, na wakati mwingine mikanda ya viti inashika ukungu mweupe. Mwambie mteja aweke mkono chini ya kapeti upande wa dereva. Hakuna tangazo linaloshinda hilo.

Lakini hapa ndipo kazi nyingi za Nyeri huharibika, kwa hivyo tukae kidogo. Mahali penye jua kali kama Mombasa, kiti ukikilowesha kitakauka mchana mmoja. Huku kwetu, mwezi wa Julai, kiti kilichomwagiwa maji asubuhi kinaweza kuwa bado kibichi kesho yake. Ukimrudishia mteja gari bichi, harufu itakayotoka Alhamisi ni mbaya kuliko ile aliyokuja nayo, na hutamwona tena. Tumia povu zaidi ya maji, brashi laini, kisha uvute maji yote kwa mashine ya kunyonya. Toa kapeti nje ya gari, usikubali kuiosha ikiwa ndani. Gari likae chini ya paa, milango wazi, feni mbili zikipuliza. Kama huna paa, usichukue kazi ya viti msimu huo. Chukua vumbi, dashibodi, mikanda na vioo, na hiyo bado ni kazi nzuri.

Kwa kuwa gari litakaa siku nzima, omba malipo ya awali kwa till, hata theluthi moja ya bei. Si dharau kwa mteja. Mtu aliyelipa kitu huleta gari saa ile mliyokubaliana, na siku ya mvua gari moja lililokosa kuja ni nusu ya mapato yako. Andika kwenye ujumbe kazi gani amelipia na saa ya kuchukua gari.

Wanaoosha hata mvua ikinyesha

Matatu huoshwa kila siku. Abiria hapandi gari chafu ndani. Bei yao ni ya chini na madereva wanataka kumaliza haraka usiku, lakini ni kazi ya uhakika. Yadi za kuuza magari nazo haziachi kuuza kwa sababu ya mvua, na gari la kuuzwa lazima ling'ae. Halafu kuna mabasi ya shule na magari ya utalii yanayoelekea Aberdare au yanayopanda Nanyuki. Nenda kwao Februari, ukiwa na kazi nzuri ya kuonyesha, usisubiri Aprili ukiwa na njaa usoni. Ubaya wa taasisi ni kuchelewesha malipo. Kubaliana alipe kila wiki kwa till, la sivyo utajikuta unawakopesha shule na sacco huku wewe mwenyewe umekopa.

Je, kupunguza bei siku za Jumanne? Tuna mashaka. Kama taarifa yako inaonyesha Jumamosi umejaa hadi watu wanaondoka, punguzo la Jumanne litahamisha baadhi yao na utafaidika. Kama Jumamosi hujajaa, unajipunguzia bei tu kwa watu wale wale.

Siku isiyo na gari hata moja

Panda juu ya paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 100, hata ukipoteza sehemu ya tano utavuna lita 4,800, karibu kujaza tangi la lita 5,000. Ukitumia lita 100 kwa gari, hayo ni magari 48 bila kusoma mita ya NYEWASCO. Tena maji ya mvua hayana chumvi za ardhini, kwa hivyo hayaachi madoa meupe kwenye gari jeusi. Safisha na mtaro wa maji machafu siku hiyo hiyo, maana mafuta na sabuni yakisukumwa na mvua hadi mto Chania utaanza kujibizana na NEMA.

Mchana, mwache kijana mwenye mkono mzuri awafundishe wengine kung'arisha rangi kwenye mlango wa gari kuukuu ulionunuliwa kwa fundi wa bodi. Akiondoka siku moja, ujuzi hautaondoka naye wote.

Wengine hutumia siku hiyo kutumia wateja wote ujumbe wa matangazo. Ngoja kwanza. Nambari iliyokuja na malipo si ruhusa ya kumtangazia mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na mashine moja na ndoo tatu. Weka daftari mezani. Mteja akikubali kukumbushwa, aandike nambari yake mwenyewe na tarehe. Ujumbe uwe mfupi: "Gari lako lina miezi mitatu tangu tulioshe ndani. Alhamisi tuna nafasi saa tatu."

Mwisho, kwa kuwa tayari umefungua taarifa, jumlisha mwaka mzima. Mauzo yakizidi shilingi milioni moja na hayajafika milioni 25, kodi ya mauzo ya KRA imekuwa asilimia 3 tangu Julai 2023, na huwasilishwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ile biashara ya mfano wetu, yenye 117,000 kwa mwezi mzuri, ikipata miezi tisa ya aina hiyo imeshavuka milioni moja, hata kabla ya kuhesabu Aprili.