Mpaka Ukisogea, Nani Yuko Ndani? Kufundisha Enzi ya Wanazi kwa Ramani

Vitabu vingi vya historia huwapa wanafunzi ramani ya Vita Kuu ya Pili ikiwa imeshachorwa: mishale minene inatoka Ujerumani na kuelekea kila upande. Kijana wa kidato cha tatu hukariri mishale na tarehe, na wapo wanaoanza kushabikia jeshi linalosonga mbele kana kwamba ni ligi. Watu walioishi chini ya mishale hiyo hawaonekani. Mwache kijana achore mwenyewe, na kila mpaka unaposogea ajiulize: hapa walikuwa wakiishi akina nani, na sasa wako mikononi mwa nani?

Anza na ramani ya mipaka ya mwaka 1937, si ya leo. Ukigawa atlasi ya sasa, mwanafunzi atautafuta mji wa Lwów ndani ya Polandi asiuone, kwa kuwa leo ni Lviv na uko Ukraine. Wajerumani waliuita Lemberg. Łódź waliugeuza jina mwaka 1940 ukawa Litzmannstadt, na Oświęcim ndio Auschwitz. Majina yote yaandikwe pembeni mwa ramani, maana kijana akitafuta habari kwa jina moja tu atakosa nusu ya anachokitaka.

Kisha rangi kwa maeneo yaliyotwaliwa na Ujerumani, kila mwaka na yake. Mwaka 1938 ni Austria na eneo la Sudeten. Mwaka 1939 ni nchi ya Wacheki mwezi Machi, halafu Polandi kuanzia Septemba 1; mashariki mwa Polandi pawe na rangi tofauti, kwani Wasovyeti waliingia huko Septemba 17. Mwaka 1940 zinafuata Denmark, Norwe, Uholanzi, Ubelgiji, Luxemburg na Ufaransa. Mwaka 1941 ni Yugoslavia na Ugiriki, na kuanzia Juni 22, Umoja wa Kisovyeti. Kazi hii inataka vipindi viwili vinavyofuatana. Mwalimu wa jiografia akiwepo, mwite asaidie.

Juu ya ramani hiyo tandika karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, waandike humo idadi ya Wayahudi wa kila nchi kabla ya vita. Hapa usiwe na haraka. Ujerumani ya mwaka 1933 ilikuwa na Wayahudi wapatao 500,000, hawafiki hata mmoja katika kila watu 100. Polandi ilikuwa na zaidi ya milioni 3. Vijana wengi huamini kwamba waliouawa walikuwa hasa Wayahudi wa Ujerumani. Karatasi hizo mbili zikikaa pamoja, wataona wenyewe kuwa wengi mno katika wale Wayahudi milioni 6 waliouawa walikuwa raia wa nchi zilizovamiwa. Uvamizi ndio uliowafikisha wauaji kwao. Usiwaambie mapema, waache wabishane kwanza.

Wakimaliza, waweke alama kwenye kambi za mauaji: Chełmno, Bełżec, Sobibór, Treblinka, Majdanek na Auschwitz-Birkenau. Zote ziko katika Polandi iliyokaliwa. Wakiishia hapo, upande wa mashariki utabaki mweupe kana kwamba hapakutokea kitu. Waongeze Babi Yar, bonde lililo Kyiv, ambako Wayahudi 33,771 walipigwa risasi kwa siku mbili, Septemba 29 na 30, 1941. Mashariki mauaji ya namna hiyo yalirudiwa mji kwa mji, bila kambi wala treni.

Ukifika kwenye reli zilizotumika kuwapeleka Wayahudi kambini, kila kundi lipewe safari moja tu. Ninayoipendekeza ni ya Thessaloniki, kaskazini mwa Ugiriki. Kuanzia Machi hadi Agosti 1943 zaidi ya Wayahudi 40,000 walitolewa mji huo mmoja na kupelekwa Auschwitz. Wanafunzi wapime kwa rula na kipimo cha ramani: ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Aliyewahi kupanda treni ya Reli ya Kati hahitaji maelezo marefu. Swali litakuja lenyewe: nani aliendesha treni, nani alipanga ratiba, nani alisimama stesheni akitazama?

Kundi jingine lipime mlangobahari wa Øresund, kati ya Denmark na Uswidi, ambao sehemu yake nyembamba haifiki kilomita 5. Oktoba 1943 Wayahudi zaidi ya 7,000 walivushwa hapo kukimbilia Uswidi, wengi kwa mashua za wavuvi. Wakikuambia kwamba ukaribu ndio uliowaokoa, wakumbushe kwamba ofisa mmoja wa ubalozi wa Ujerumani, Georg Duckwitz, alivujisha habari za msako wa Wayahudi uliokuwa umepangwa, na kwamba Wadenmaki wa kawaida waliwaficha majirani zao. Ramani huonyesha njia ilikuwepo. Aliyethubutu kuitumia itabidi umtafute kwenye maandishi.

Kwa wasomaji wa Tanzania upo mstari mmoja unaofika nyumbani. Wapolandi waliohamishwa kwa nguvu na Wasovyeti kwenda Siberia na Kazakhstan waliachiliwa baada ya Ujerumani kuuvamia Umoja wa Kisovyeti Juni 1941, wakapitia Iran, na wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakaishia kambi ya Tengeru karibu na Arusha. Makaburi yao yapo hadi leo. Angalia tu wanafunzi wasichanganye mateso hayo na yale ya Wayahudi: walioyatenda ni tofauti, na mstari uwe na rangi yake.

Jambo moja likatae kabisa: maigizo, huyu askari, yule mfungwa. Wengine watacheka, wengine wataumia, na hakuna atakayejifunza. Picha za maiti nazo hazihitajiki.

Unaposahihisha, usitoe alama kwa usafi wa rangi. Kila mwanafunzi aandike chini ya ramani yake mistari mitatu: habari ameitoa wapi, mwaka gani alishindwa kuuchora vizuri, na ni watu gani hawamo. Atakayewataja Waroma, au wagonjwa na walemavu waliouawa ndani ya Ujerumani yenyewe, mpe nafasi awasilishe mbele ya darasa kipindi kinachofuata.