Lugha ya Nyumbani Si Kosa: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Vikundi vya Kusoma, Kwale

Kijitabu hiki kimetoka kwa sababu ya malalamiko. Wazazi wamefika ofisini wakasema watoto wao wa miaka minne na mitano huvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kidigo au Kiduruma darasani. Mtoto hukaa nacho mpaka amnase mwenzake aliyeteleza, amkabidhi. Atakayekutwa nacho jioni huchapwa. Tunasema waziwazi: jambo hili ni marufuku katika kila darasa la chekechea na kila kikundi cha kusoma. Hakuna mwalimu aliyeruhusiwa, na mzazi hana uwezo wa kutoa ruhusa hiyo.

Si jambo geni. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alilieleza mwaka 1986 katika kitabu chake Decolonising the Mind, akikumbuka shule za enzi ya ukoloni. Mkoloni ameondoka, kibao kimebaki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kiakili. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Tutaitumia.

Kwa nini lugha ya nyumbani kwanza

Mtoto hujifunza kusoma kwa kuunganisha herufi na sauti, sauti na neno, neno na kitu anachokijua. Mpe neno asilolijua, ataliimba vizuri pamoja na wenzake, nawe utadhani anasoma. Ziba picha kwa kiganja, umwambie alitafute neno lilelile ukurasa wa pili: ananyamaza. Wengi wanaoitwa wazito ndio hawa, na uzito huo tumewatwika sisi watu wazima.

Tunaijua hofu ya wazazi, kwamba mtoto atachelewa Kiswahili na Kiingereza kitampita. Hapana. Aliyekwisha kuelewa kwamba herufi inabeba sauti haanzi upya akifika lugha ya pili. Kwetu Kwale kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa Kidigo, Kiduruma na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja. Anayesoma "dzina" kwa Kidigo amebakiza hatua ndogo kufika "jina".

Kikundi kinavyoendeshwa

Mama au bibi mmoja husimulia hadithi kwa lugha ya watoto. Watoto huirudia, na mwalimu huandika sentensi nne au tano kwenye karatasi ya manila, kwa maneno yaleyale waliyoyatamka, bila kuyasafisha. Kesho yake husoma walichosema wenyewe. Kiswahili huingia kwa mdomo kwanza: nyimbo, maagizo, michezo, majina ya vitu. Kukisoma hufuata mtoto akishaweza kukisema. Mwalimu anayeruka hatua hii kwa pupa ya kumfurahisha mgeni wa ukaguzi anamharibia mtoto.

Nyumbani si lazima kununua vitabu. Leso ya mama ina maandishi ya Kiswahili kwa herufi kubwa. Itandike mkekani, mtoto azifuate herufi kwa kidole, aitafute herufi ya kwanza ya jina lake. Pakiti ya unga nayo inasomeka, na kalenda ya ukutani. Mzazi asiyejua kusoma asijitenge. Asimulie, aulize, asikilize. Akina baba, kazi hii ni yenu pia.

Tunajivunia vikundi vinavyofuata utaratibu huu. Bibi ambao hawakuwahi kukaa darasani leo huketi mbele ya watoto, na mwalimu ndiye anayeandika wanayoyasema.

Uandikishaji ni rahisi. PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, ni miaka minne; PP2, mwaka wa pili, ni mitano. Leta cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki wakati unapofuatilia cheti. Mtoto hafanyiwi mtihani wa kuingia. Mengineyo uliza ofisi ya wadi.

Onyo, kwa mara nyingine

Kibao kina ndugu zake: kumcheka mtoto, kumwambia "ongea kama mtu", kumpa zamu ya kufagia kwa sababu ya lugha, kuwafanya watoto wapelelezane. Vyote vimekatazwa. Mtoto akisema Kidigo, mwalimu amjibu alichouliza, kisha alitaje jambo hilohilo kwa Kiswahili ili mtoto alisikie. Akirudia, vyema. Asiporudia, asilazimishwe.

Ukiona kibao, usimtoe mtoto shuleni. Zungumza na mwalimu. Asiposikia, nenda kwa mkuu wa shule, kisha ofisi ya wadi. Andika tarehe na jambo lililotokea. Ukiogopa kutajwa, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Ni bure, mchana na usiku.