NAMNA YA KUCHORA MASHINI YA MVUKE AMBAYO HAIJAPATA KUWAKO



Katika namba iliyopita tulitoa sura ya kwanza ya hadithi yetu, "Mashua Yenye Miguu". Munakumbuka: ziwa limekauka, samaki wamekwisha, na fundi Bahati anatengeneza mashua ya zamani kusudi itembee kwa miguu sita juu ya milima mpaka kwenye maji mengine. Hadithi muliipokea vizuri. Picha muliicheka.

Tulikasirika kidogo, hatutaficha. Tulikuwa tumekesha usiku mbili juu ya ile picha: mabomba manne ya moshi, misumari ya shaba isiyohesabika, na magurudumu ya meno kila fasi. Lakini mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye siku ya posho anamsaidia kaka yake kutengeneza velo za watu, aliweka kidole juu ya magurudumu matatu ya katikati, akasema: "Wakubwa, hii haizunguke hata kidogo."

Tulitaka kumfukuza. Kisha tukatazama vizuri. Gurudumu la meno likigusana na lingine, moja likienda kuume, la pili linakwenda kushoto, ni lazima. Sasa sisi tulikuwa tumechora matatu, kila moja linagusa yale mawili mengine. La kwanza linalisukuma la tatu kushoto, la pili linalisukuma lile lile kuume. Basi yote matatu yanasimama kama mlango uliofungwa kwa komeo. Asiyesadiki akate matatu kwa kartoni, ayatoboe katikati kwa misumari, ajionee mwenyewe. Yakipangwa kwa mstari mmoja, la kwanza na la tatu bila kugusana, hapo yanazunguka bila shida.

Wengine kati yetu walisema: "Lakini hii ni hadithi ya kuwaza tu! Mashua yenye miguu haiko duniani. Kwa nini tuhangaike na meno ya gurudumu?" Tulibishana sana. Mwisho tuliona hivi: msomaji anakubali kutupa uongo mmoja mkubwa, yaani miguu. Hakubali kutupa na mingine midogo midogo bila sababu. Akiona gurudumu lisilozunguka, hata ile miguu haisadiki tena.

Aina hii ya hadithi na picha iko na jina. Watu wanaiita stimpanki. Jina lilitoka Marekani mwaka 1987, mwandishi K. W. Jeter alipolitia ndani ya barua kwa gazeti Locus, nusu kwa mchezo. Ni hadithi za dunia ambamo mvuke haukuachwa: hakuna motere ya mazutu, hakuna elektroniki, bali watu wanaruka, wanazamia na hata kuhesabu kwa nguvu ya mvuke, chuma na shaba. Jina ni la juzi, lakini picha zenyewe ni za zamani zaidi, na njo hizo zilitusaidia.

Wale wanaosoma Kifaransa wanamjua Jules Verne. Vitabu vyake vilitolewa Paris na Hetzel, na picha zake zilikuwa nyingi. Kitabu cha safari ya chini ya bahari, katika chapa ya mwaka 1871, kilikuwa na picha 111 za Édouard Riou na Alphonse de Neuville. Ile Nautilus yenyewe haitumii mvuke, inatumia umeme, lakini ukiitazama unaona mabamba ya chuma, ngazi, mlango wa juu. Unaona mtu anaingilia wapi na anasimama wapi. Mwaka 1880 kilitoka kingine, "La Maison à vapeur", kilichochorwa na Léon Benett. Huko wasafiri wanapita Uhindi ndani ya nyumba mbili zenye magurudumu, zinazovutwa na tembo wa chuma. Moto na maji viko mwilini mwa tembo, na moshi unatokea katika mkonga. Angalieni akili hiyo! Mkonga hauko pambo, njo bomba lenyewe. Sisi tulikuwa tumepanda mabomba manne juu ya mashua yetu bila kujua yanatoka kwenye moto gani.

Tangu hapo tulifanya sheria moja tu: picha sharti ifuatwe kwa kidole. Anza kwenye mlango wa moto. Kutoka moto, kidole kiende kwenye boila, ni kusema lile pipa la chuma la kuchemshia maji. Kutoka boila, mvuke upite katika bomba jembamba mpaka silinda, nao umsukume pistoni kwenda na kurudi. Pistoni ishikane na fimbo, fimbo ishikane na gurudumu mbali kidogo na katikati yake, hapo kwenda na kurudi kunageuka kuzunguka. Kidole kikikwama fasi yoyote, mashini yako imekufa. Tena usisahau supapu juu ya boila, ile inayofunguka mvuke ukizidi. Boila isiyo na supapu itapasuka, na katika karne ya 19 nyingi zilipasuka kweli na kuua watu.

Sasa juu ya moshi. Wazee wetu wanasema "mashua ya moshi", na sisi tunasema vile vile, lakini moshi hausukume kitu. Moshi ni uchafu wa kuni na makaa, unatoka juu katika bomba, ni mweusi. Mvuke unatoka kwenye supapu na kwenye silinda, ni mweupe. Katika picha yetu ya kwanza vyote viwili vilikuwa sawa, kama pamba. Nendeni jikoni mutazame sufuria inayochemka kwa nguvu chini ya kifuniko. Pale pale mvuke unapotokea hamuoni kitu, kuko kama nafasi tupu. Wingu jeupe linaanza mbele kidogo. Mukichora hiyo nafasi tupu, msomaji atasikia sauti: shiii! Na ni rahisi, sababu ni kuacha karatasi bila kuichora.

Hapa tunafika kwenye shida ya gazeti letu. Sisi tunachapa kwa stensili, na stensili hairuhusu kivuli cha kusugua kwa kreyo. Kuko mistari tu. Hili lilituvunja moyo mpaka mwalimu wa desini alipotueleza kwamba wachoraji wa Verne nao walifungwa na mistari. Picha ilichorwa juu ya kipande cha mti mgumu, kisha fundi mwingine alichonga na kuondoa kila fasi itakayokuwa nyeupe. Mistari iliyobaki juu ilipakwa wino na kuchapwa pamoja na herufi. Kivuli chote munachokiona mule ni mistari, myembamba ao minene, ya karibu ao ya mbali. Hata mwaka 1974 Mfaransa Jacques Tardi, kwa kitabu chake "Le Démon des glaces", alitaka sura ile ile ya zamani, akachora kwa kukwangua kartoni iliyopakwa rangi nyeusi, mpaka nyeupe ya chini ionekane.

Stensili yetu ni kinyume cha ule mti. Fundi wa mti anaondoa nyeupe, sisi tunafungua nyeusi: kalamu ya chuma inapasua nta, na wino unapita hapo. Kwa hiyo ukijaza bomba lote weusi, stensili itararuka na roneo itatapika wino juu ya karatasi mia. Hii ilitupata. Chora mistari ya kusimama, usiache igusane. Upande wa kivuli isogee, upande wa mwanga iachane. Bomba litaonekana la duara lenyewe. Mistari ya kukatana uiache, sababu kwenye njia panda kipande kidogo kinaanguka na kuacha tundu. Vilevile kichwa cha msumari: usifunge duara, acha mlango mdogo. Kwanza chora yote kwenye kaye, umalize makosa yako huko kwa gome. Kwenye stensili gome haiko, kuko ile dawa ya kusahihisha tu, na inanuka, na chupa ni moja kwa shule yote.

Picha ya pili ilipokuwa tayari tuliipeleka kwa mzee mmoja wa kanisa aliyewahi kutumika katika mashua za ziwa. Tulimwonyesha moto, boila, pistoni, supapu, vyote kwa kidole. Alisifu. Kisha aliuliza: "Wanangu, nani anakata kuni?"

Hatukuwa tumechora mtu hata mmoja, isipokuwa fundi Bahati amesimama mbele na kofia yake.

Swali hilo lilitupeleka kwenye kisa cha kweli cha nchi yetu. Wamisionari Wabaptisti wa Uingereza walikuwa na mashua ya mvuke iliyoitwa Peace. Ilijengwa mwaka 1882 kule Chiswick, karibu na London, ikajaribiwa juu ya mto Thames, kisha ikafunguliwa vipande vipande. Maporomoko ya mto Kongo hayapitiki kwa mashua, na reli ya Matadi ilikuwa haijawa. Ilimalizika mwaka 1898. Basi mashua nzima ilibebwa na wapagazi, kwa miguu, mpaka fasi tunayoita leo Pool Malebo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi siku zile ulikuwa kilo 30 hivi. Mafundi wa mashini waliotumwa kuiunga walikufa, na George Grenfell aliiunga mwenyewe pamoja na wasaidizi wenyeji, ikateremka majini mwaka 1884. Tunajua jina la Grenfell, jina la mashua, hata jina la kiwanda, Thornycroft. Majina ya wale waliobeba hatukuyaona.

Na mashua yenyewe ilikula kuni. Kila jioni walisimama ukingoni, watu wakashuka na mashoka kukata za kesho. Hata ile Liemba ya ziwa Tanganyika, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina Graf von Goetzen na kuletwa Kigoma ndani ya masanduku, ilitumia mvuke mpaka miaka ya 1970. Miaka yote hiyo kulikuwa mtu mbele ya moto, na jasho, na koleo mkononi.

Picha nyingi za stimpanki, tuseme wazi, zinapenda shaba inayong'aa na kusahau huyo mtu. Labda wachoraji wa mbali wanaweza kusahau. Sisi tunaona aibu kusahau, sababu waliobeba vile vyuma ni babu zetu.

Tulianza tena. Safari hii tulipanga watu kwanza: wawili kwenye mlango wa moto, mmoja anapima mvuke, kundi la wakata kuni nyuma, na akina mama na mitungi ya maji vichwani. Tulipofika kwenye mitungi, kalamu zilisimama. Boila inakunywa maji sana. Hata gari-moshi za zamani zilisimama vituoni kunywa. Lakini katika hadithi yetu ziwa limekauka! Maji ya boila yatatoka wapi? Kuko kisima kimoja tu kijijini, kile ambacho watu wote wanakitegemea.

Hatukuwa tumewaza hivyo tulipoandika. Picha njo imetufumbua. Fundi Bahati sasa hawezi kuwasha moto bila kuomba maji ya watoto, na ikiwa mashua itakwama katikati ya milima, kijiji kitakuwa kimekunywesha chuma maji yake ya mwisho. Tumepasua sura ya pili tuliyokuwa tumeimaliza, na tunaiandika upya. Sisi wenyewe hatupatani: wengine wanasema kijiji kitampa maji, wengine wanasema mama mkubwa wa kisima atakataa, na ni haki yake.

Kwa hiyo tunawaomba picha ya mkutano wa kisimani. Mashua iwe nyuma, imelala, baridi, bila moshi. Watu wawe mbele. Karatasi iwe nusu ya ukurasa wa kaye, mistari tu, kalamu nyeusi, bila kukatana. Mulete kwa mkubwa wa darasa la tano kabla ya siku ya posho, sababu stensili zimebaki nne. Na yule ndugu wa mwaka wa kwanza tumemwomba akae nasi tutakapochagua. Amekubali, lakini amesema atakuja baada ya kumaliza velo moja.