Kipandauso na Kichwa cha Kawaida: Namna ya Kupambanua

Lugha yetu ya Kiswahili haikukosa jina la ugonjwa huu. Huitwa kipandauso, yaani kile kipandacho usoni, maana mara nyingi huanza penye kipaji cha uso au nyuma ya jicho, kikapanda upande mmoja wa kichwa. Waganga wa hospitali huuita migreni, na jina hilo lina asili ya Kiyunani, maana yake nusu ya fuvu. Majina mawili, ushuhuda mmoja. Lakini huku Songwa, na toka Mwadui hata Geita, wengi wetu twasema tu, “Naumwa kichwa,” twameza vidonge, na mambo yakizidi twaanza kuuliza ni nani aliyetutendea.

Kichwa cha kawaida hubana pande zote mbili, kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu. Aliyepalilia pamba juani bila kunywa maji hukipata, na aliyelala njaa, na mwenye shaka nyingi moyoni. Chauma, lakini mtu aweza kuendelea na kazi yake. Akinywa maji, akila, akilala, hupoa.

Kipandauso sivyo. Hicho hupiga kama ngoma, kwa kufuata mapigo ya moyo. Mgonjwa aomba dirisha lifungwe, sauti za watoto zamchoma, harufu ya mafuta ya kukaangia yamtapisha. Hata kuinuka kitandani kwamzidishia. Kwa mtu mzima hudumu toka saa 4 hata saa 72, tena hurudi baada ya majuma au miezi. Kwa watoto huwa kifupi zaidi, na mara nyingi huuma pande zote mbili.

Wako wengine ambao kabla ya maumivu huona mambo ya ajabu: mwanga unaometameta, mistari kama meno ya msumeno ikienea polepole mbele ya macho, au ganzi inayopanda toka vidoleni hata mdomoni. Kwa kawaida hupita kabla ya saa moja kutimia. Hapa ndipo neno la uchawi huingia nyumbani. Nanyi mwajua jinsi neno hilo lilivyotutenda: katika nchi hii ya Shinyanga na Geita vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, wekundu ulioletwa na moshi wa kupikia miaka mingi. Basi anayeona mwanga wa kipandauso hakurogwa. Ni ubongo wake mwenyewe, uliozaliwa mwepesi wa kusisimka, na mara nyingi mama yake au mjomba wake alikuwa hivyo hivyo.

Wala tusidhani ya kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu. Waganga wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika nchi ya Mbulu, waliuliza habari nyumba kwa nyumba kwa watu zaidi ya 7,000, na matokeo yakapigwa chapa mwaka 2010. Watu kama 4 katika kila 100 walikuwa wamepatwa nao ndani ya mwaka mmoja. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na wengi hupatwa karibu na siku zao za mwezi.

Mwalimu azuruye wagonjwa na aulize maswali matatu. Je, moyo wakuchafuka? Je, mwanga wakuudhi? Je, kichwa hiki kimekuzuia kufanya kazi hata siku moja katika miezi mitatu iliyopita? Akijibiwa ndiyo mara mbili, yaelekea ni kipandauso. Lakini kwanza aangalie homa, maana nchi yetu ina malaria. Mgonjwa apimwe damu zahanati, asimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha. Tena ikiwa watu wote wa nyumba waumwa pamoja, na jiko la mkaa li ndani, watoke nje upesi: huo ni moshi wa sumu. Na achomaye zebaki ili apate dhahabu, asilaumu kipandauso kabla ya kuueleza mvuke ule kwa mganga.

Mwenye kipandauso na ameze dawa mapema, maumivu yanapoanza, asingoje yakomae. Mtu mzima aweza kumeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, au ibuprofeni miligramu 400 ikiwa hana vidonda vya tumbo wala mimba. Watoto wasipewe aspirini. Kisha alale gizani, penye utulivu, anywe maji. Kuchanjwa chale panda za uso hakuponyi, na wembe huleta maradhi mengine. Dawa hizo zisizidi siku mbili kwa juma. Amezaye siku 15 au zaidi kila mwezi hujiletea kichwa kipya, kitokacho katika dawa yenyewe. Kikirudi mara nyingi, ziko dawa za kukizuia, kama propranololi na amitriptilini, lakini mganga ndiye azitoaye. Propranololi haimfai mwenye pumu.

Kimbilieni hospitali bila kungoja kikija ghafula kwa nguvu isiyowahi kuonekana; kikiwa pamoja na homa na shingo ngumu, au degedege, au kuchanganyikiwa, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili; kikifuata pigo la kichwani; kikianza mara ya kwanza baada ya miaka 50; au kikidumu kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI. Mama mjamzito mwenye kichwa kikali na macho yenye giza asilazwe nyumbani hata usiku mmoja, maana huenda ni kifafa cha mimba kinachokuja.

Wengine wote na wapate daftari dogo. Waandike siku, saa kilipoanza, walichokula, walivyolala, na dawa waliyomeza, wakaende nalo zahanati. Asiyejua kuandika, mtoto wa shule amwandikie.