Mbwa mkubwa aliyeokolewa: namna ya kumtafutia nyumba inayomfaa

Katika vijiji vya Kata ya Sepuka, Wilaya ya Ikungi, mbwa huhesabiwa kwanza kuwa mlinzi wa zizi. Humbwekea fisi anayenyemelea mbuzi usiku, huandamana na wachungaji mchana, na mara nyingi hujitafutia chakula mwenyewe. Hali huwa ngumu pale mbwa mwenye umbo kubwa anapobaki bila mwenyewe, kwa sababu mwajiri wa mlinzi amehama, mzee wa kaya amefariki, au familia imeshindwa kumlisha. Mbwa mdogo akizurura huitwa koko na kupuuzwa; mbwa wa kilo 35 akizurura, watu hushika mawe. Msamaria akimwokoa katika hali hiyo, amefanya nusu tu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kumpata mtu wa kumkabidhi.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amkinge na njaa na kiu, mateso, maradhi na hofu, na ampe nafasi ya kuishi kwa tabia yake ya asili. Mambo hayo ndiyo kipimo cha nyumba mpya. Hata hivyo, kabla ya kufikia nyumba, lipo suala la kichaa cha mbwa.

Mbwa ambaye historia yake haijulikani asikabidhiwe mtu siku hiyo hiyo aliyookotwa. Virusi vya kichaa vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya dalili kuonekana, na chanjo haiwezi kumponya mnyama ambaye tayari anavyo. Kwa hiyo Afisa Mifugo wa Kata aarifiwe mapema, mbwa achanjwe, atengwe mahali salama na kuangaliwa kwa muda ambao mtaalamu ataelekeza. Chanjo huanza kutolewa mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kadi yake ni mali ya mbwa na imfuate popote aendapo.

Iwapo atamuuma mtu katika kipindi hicho, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi afikishwe kituo cha afya bila kusubiri kitu kingine. Wengi hukimbilia kumuua mbwa papo hapo. Inaeleweka, lakini kwa kufanya hivyo ushahidi hupotea: mbwa aliyefungiwa akaendelea kuwa mzima siku 10 baada ya kuuma, hakuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa siku aliyouma. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hauna tiba, ndiyo maana chanjo ya majeruhi haiahirishwi hata mbwa akionekana mwenye afya.

Sasa nyumba. Mkoa wa Singida unasifika kwa kuku wa kienyeji, na hapo ndipo mbwa wengi wakubwa huponzwa. Kaya inayotegemea kuku kwa ada ya shule haitamvumilia mbwa anayeua vifaranga. Atawekewa sumu kabla ya wiki kwisha. Jaribio ni rahisi. Mbwa afungwe kwa kamba imara, kuku wapite mbali kiasi, naye aangaliwe. Akitazama kisha akageuza kichwa pale anapoitwa, anafundishika. Akikakamaa, macho yamekodoka, akajirusha tena na tena, apelekwe kwenye kaya isiyofuga kuku, au ile yenye banda lililofungwa vizuri. Mbuzi na ndama nao wajaribiwe hivyo hivyo.

Watoto ni mizani nyingine. Mbwa mkubwa anaweza kumwangusha mtoto wa miaka miwili kwa furaha tu, bila ubaya wowote. Kaya yenye watoto waliokwisha kuanza shule humfaa zaidi, mradi wamefundishwa wasimsumbue akila au akilala.

Chakula kiulizwe kwa uwazi, tena kwa kutaja mwezi. Baada ya mavuno kila kaya ina ukarimu. Swali ni mbwa atakula nini mwezi Februari, kihenge kikiwa kinakaribia kwisha. Ugali mtupu hautoshi mwili wa namna hiyo. Unahitaji kuchanganywa na dagaa au mabaki ya nyama yaliyopikwa. Mapafu na maini mabichi yenye malengelenge asipewe kamwe, kwa kuwa humpa minyoo tegu ambayo mayai yake humdhuru binadamu. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha na kumtoboa utumbo.

Mtu anayeuliza kwanza kama mbwa ni mkali, na pili ni mnyororo gani utamfaa, asikabidhiwe. Mbwa anayefungwa mchana kutwa hawi mlinzi bora. Huwa mwoga, na mbwa mwoga huuma bila kuchagua. Ua wa miiba uliozibwa mapengo, kivuli na maji vinatosha. Dume ahasiwe na mtaalamu, kwani hilo hupunguza kuzurura.

Siku tatu za mwanzo mbwa mgeni hujificha au kukataa chakula. Huchukua takriban wiki tatu kuzoea ratiba ya kaya, na miezi mitatu hivi kuiona kuwa kwake. Wageni wasimiminike kumtazama siku za mwanzo.

Makabidhiano yafanyike mbele ya Mtendaji wa Kijiji, kwa maandishi mafupi yenye jina la anayempokea, tarehe ya chanjo na ahadi moja: ikishindikana ndani ya miezi hiyo mitatu, mbwa arudishwe kwa aliyemtoa, asiachiwe usiku kwenye shamba la alizeti la kijiji cha jirani.