Gololi, Wino na Mfuniko: Fundisho la Ushirika wa Paris

Mwaka 1907, mjini Paris, wazazi wachache waliokuwa wanasayansi na wataalamu wa vyuo vikuu walikubaliana kuwafundisha watoto wao wenyewe, badala ya kuwapeleka shuleni. Miongoni mwao walikuwamo Marie Curie, aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1903, na wanafizikia Jean Perrin na Paul Langevin. Watoto walikuwa kama kumi hivi. Mmoja wao alikuwa Irène, binti wa Marie, mwenye umri wa miaka tisa. Mpango huo uliitwa Ushirika.

Marie aliona kwamba shule za wakati ule ziliwafungia watoto darasani kwa saa nyingi mno, ilhali umri wao ulidai hewa safi, michezo na kazi za mikono. Kwa hiyo watoto wa Ushirika walipewa somo moja tu kwa siku, na kila mzazi alifundisha lile alilolijua vyema. Perrin alishika kemia, Langevin hisabati, na Marie fizikia. Wengine walifundisha fasihi, historia, lugha, elimu ya viumbe, uchoraji na ufinyanzi. Hata wakati wa likizo Marie alimpelekea Irène maswali ya hesabu kwa barua.

Jaribio la gololi

Mtu angedhani kuwa masomo hayo yalitegemea mitambo ya thamani. Sivyo. Katika jaribio moja watoto walichovya gololi za baiskeli katika wino, kisha wakaziachia zibiringike juu ya ubao ulioinamishwa. Kila gololi ilichora njia yake yenyewe, na njia hiyo ilikuwa parabola.

Jaribio hili laweza kufanywa popote. Bandika karatasi juu ya ubao laini, kisha inua upande mmoja kidogo. Ichovye gololi katika wino, uisukume polepole kutoka pembeni, ili ianze safari yake sambamba na ukingo wa juu. Toka pale ilipoanzia, pima kila sentimita 5 kwenda upande, na uandike imeshuka kiasi gani. Ikiwa kwenye sentimita 5 imeshuka sentimita 2, kwenye 10 itakuwa imeshuka karibu 8, na kwenye 15 karibu 18. Uwiano ni 1, 4, 9.

Sababu ni kwamba gololi ina miendo miwili kwa pamoja. Kwenda upande, hakuna kinachoiharakisha, hivyo hupita masafa yaliyo sawa katika muda ulio sawa. Kwenda chini, mvutano wa dunia huiongezea kasi daima, hivyo umbali wa kushuka hukua kwa kipeo cha pili cha muda. Hiyo ndiyo kanuni ya vitu vinavyoanguka, isipokuwa mteremko umeipunguza kasi hata jicho likaweza kuifuata.

Swali la mfuniko

Binti mdogo wa Marie, Eve, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1937 kwamba siku moja mama yake aliwauliza wanafunzi njia ya kuhifadhi joto la maji yaliyomo chomboni. Wakataja kukizungushia sufu na mbinu nyingine za kitaalamu. Marie akatabasamu, akasema kuwa yeye angeanza kwa kukifunika.

Jibu hilo lina fizikia nzito ndani yake. Gramu moja ya maji yanayochemka huhitaji jouli 2,260 hivi ili iwe mvuke, lakini gramu moja ya maji ikipoa kwa digrii moja hupoteza jouli 4.2 tu. Basi gramu moja ya mvuke inayotoroka huondoka na joto linalotosha kupoza zaidi ya gramu 500 za maji kwa digrii moja. Mpishi afunikaye sufuria anaitumia kanuni hii kila siku, ingawa pengine hajaambiwa jina lake.

Kikomo na matunda yake

Ushirika ulidumu kiasi cha miaka miwili tu. Wazazi walizidiwa na kazi zao, na watoto walipaswa kujiandaa kwa mitihani ya serikali. Hivyo wakaingia shuleni. Aidha, si kila mtoto ana mzazi profesa. Hata hivyo, Irène na mumewe Frédéric Joliot walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1935, na Francis, mwana wa Perrin, naye akawa mwanafizikia mashuhuri. Msichana mmoja, Isabelle Chavannes, aliandika kwa uangalifu masomo ya Marie katika daftari lake, na maandishi hayo yakachapishwa kuwa kitabu mwaka 2003.

Uprofesa wa wazazi hauwezi kuigwa na kila nyumba. Utaratibu wao waweza: swali kwanza, mikono pili, vipimo tatu, maandishi nne. Gololi, wino na mfuniko havihitaji maabara.

Mazoezi

1. Tia maji ya moto ya kiasi sawa katika sufuria mbili zilizo sawa, funika moja. Pima joto kila baada ya dakika 5 kwa muda wa nusu saa, kisha chora grafu. Jihadhari usiungue.
2. Uinamishe ubao zaidi na urudie jaribio la gololi. Je, uwiano wa 1, 4, 9 umebadilika? Eleza.
3. Taja kazi tatu za nyumbani zinazotumia kanuni ya mvuke kuchukua joto.