Bitana Isiliwe Kabla ya Siku Zake: Vidokezo 8 kwa Wasubu Chuma

Koti likichanika bitana, utaendelea kulivaa na hakuna atakayejua. Tanuru halina stahamala hiyo. Katika tanuru la umeme la koili, kilicho kati ya uji wa chuma na koili ya shaba yenye maji ya kupoza ni ukuta wa mchanga wa silika, mara nyingi usiotimia hata shubiri moja. Ukuta huo ukitoboka, chuma na maji vinakutana, na salamu yao ni mlipuko. La kutia moyo ni kwamba bitana nyingi hufa mapema kwa sababu ya mazoea yetu, na mazoea yanarekebishika.

1. Moto wa kwanza hauna haraka. Bitana mpya ni unga mkavu ulioshindiliwa, pamoja na asidi ya boriki kidogo ya kuushikamanisha. Joto ndilo linaloufanya kuwa ukuta. Fuata ratiba ya aliyekuuzia mchanga, jaza tanuru kwa chuma safi hadi juu, kisha pandisha joto kupita kidogo lile la kazi zako za kila siku na ulishikilie hapo. Siku hiyo mteja wa mifuniko ya chemba asubiri.

2. Kutu ibaki nje. Silika peke yake huyeyuka karibu na nyuzi 1,710 za Selsiasi, kwa hiyo joto la chuma cha kusubu haliitishi. Ikikutana na kutu mambo hugeuka: mchanganyiko wao huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 na ushei tu, na ukuta unaanza kutiririka taratibu. Ngoma za breki na bloku za injini zilizonyeshewa zikwanguliwe, kisha zikaushwe. Chuma chenye maji usikitumbukize kamwe kwenye uji, wala chombo kilichozibwa pande zote. Hapo hatari si ya bitana tena, ni ya roho yako.

3. Chagua wageni. Zinki ya mabati huchemka kwenye nyuzi 907, na mvuke wake hupenya ndani ya bitana. Risasi ni mjanja zaidi: huyeyuka kwenye nyuzi 327, huzama chini, kisha hutafuta kijinjia cha kuelekea kwenye koili. Anayechambua skrapu vizuri anailinda bitana kabla swichi haijawashwa.

4. Chokaa ina tanuru lake. Aliyejifunzia kazi kwenye tanuru la mnara la makaa amezoea kutia mawe ya chokaa ili uchafu uwe mwepesi kutoka. Kwenye bitana ya silika, chokaa hiyo hiyo huula ukuta. Kila mgonjwa na dawa yake.

5. Joto la juu liwe la mwisho. Chuma kikipita nyuzi 1,400 na kitu, kaboni iliyomo huanza kunyang'anya silika oksijeni. Hapo unapata hasara mbili kwa umeme mmoja: bitana inapungua, na kaboni uliyoinunua inatoka kama gesi. Pandisha joto pale tu kalibu zimepangwa na wamiminaji wako tayari. Ikiwa kalibu bado, teremsha joto usubiri. Kukiacha chuma kichemke huku watu wanakunywa chai ni kulilisha tanuru bitana yake.

6. Usijenge daraja. Vipande vikubwa vikikwama juu, chini yake uji unaendelea kupata moto bila wewe kuuona, nao unatafuna ukuta kimyakimya. Kata vipande viingie bila kulazimishwa, na utie kidogo kidogo. Ukiona daraja limefunga, punguza umeme mara moja. Usiliponde ovyo kwa nondo. Likiporomoka ghafla, uji utakurukia.

7. Si kila ufa ni wa kuziba. Methali inatuhimiza kuziba ufa tusije tukajenga ukuta. Kwenye silika, nyufa nyembamba kama unywele zinazotokea tanuru likipoa hujifunga zenyewe joto likirudi, kwa sababu mchanga huo hutanuka ghafla ukifika nyuzi 573. Wajibu wako ni kuwasha polepole, ili nyufa zifunge kabla chuma hakijayeyuka na kuingia humo. Ufa mpana, au ulioacha ulimi wa chuma ndani, ndio wa kutengenezwa. Mavi ya chuma yaliyoganda ukutani pia yataka upole: yaopoe kila mara yakiwa laini. Ukingoja yawe jiwe, nyundo itang'oa na bitana.

8. Pima, kisha andika. Tanuru likiwa tupu na limepoa, pima kipenyo cha ndani juu, katikati na chini, hasa pembe ambapo ukuta hukutana na sakafu. Tuseme bitana ilianza na unene wa milimita 75 na kipenyo cha 300. Leo kipenyo kinasoma 350: kila upande umepoteza 25, theluthi nzima imeliwa, na ni wakati wa kupanga bitana mpya. Wakati wa kuivunja ile kuukuu, vaa barakoa ya kweli. Vumbi la silika huharibu mapafu na hayaponi.

Na kengele ya kuvuja umeme ikilia, zima, mimina uji wote nje, ndipo uulize. Kuna warsha ambazo kengele hiyo imekatwa waya kwa sababu "inasumbua". Ukiingia kwenye warsha ya namna hiyo, usikae karibu na tanuru.